Somo la Robo Saa

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza hufunguliwa Januari. Katikati hapo mtoto wa bonde la Kilombero hana shule, na ndiyo miezi anayotakiwa kuipata lugha atakayofundishiwa baiolojia, fizikia, jiografia na hesabu kwa miaka minne. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili. Usanisinuru anaujua. Anajua moyo una vyumba vinne, na anajua mto unavyomega kingo zake, maana Mto Kilombero unafanya hivyo mbele ya macho yake kila masika. Januari mambo hayohayo yatamrudia yakiwa na majina mapya, na atakayesimama ubaoni hatakuwa na nafasi ya kumkumbusha kwamba anayajua tayari.

Ikifika Oktoba, mji wa Ifakara, humuhumu bondeni, unajaa matangazo ya “pre-form one”, tuisheni ya kujiandaa kwa kidato cha kwanza. Mengine yameandikwa kwa chaki kwenye mlango wa duka, mengine kwa kalamu nzito kwenye karatasi ya manila iliyopigiliwa mwembeni. Wanaofundisha ni vijana waliomaliza kidato cha sita wakisubiri chuo, walimu wanaotafuta senti ya ziada, na wastaafu. Katika hao wastaafu yupo mama mmoja wa Kibaoni, aliyefundisha shule za msingi za serikali maisha yake yote ya kazi, zile tunazoziita za Kayumba. Kwangu mimi huyu ni fundi wa daraja la juu kabisa. Jina lake silitaji, mwenyewe hapendi. Nitaieleza kazi yake, maana ukiitazama haraka huioni.

Darasa ni baraza la nyumba yake. Kuna mabenchi mawili na ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi, na baiskeli za watoto zimeegemezwa mwembeni. Somo ni la robo saa. Likiisha, watoto wanaandika sentensi chache, anazipitia moja moja, wanaondoka, kundi lingine linaketi. Mzazi anayeleta mtoto kwa mara ya kwanza huguna: ada yote hii kwa robo saa? Mtaa wa pili kuna kijana anayefundisha saa mbili mfululizo, anamwaga ung'eng'e mpaka koo linamkauka, na watoto wake wanarudi nyumbani na kurasa sita zilizojaa. Wa huyu mama wanarudi na sentensi tano.

Nimekaa nyuma ya lile baraza mara nyingi, na kadiri ninavyokaa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba zile sentensi tano zina kazi nyingi ndani yake kuliko kurasa sita.

Ufupi wenyewe una sababu. Kilombero ni bonde la mpunga. Mvua za kwanza zikidondoka, familia nyingi zinahamia mashambani, wengine ng'ambo ya mto upande wa Ulanga, ambako siku hizi wanavuka kwa Daraja la Magufuli lililofunguliwa 2018 badala ya kusubiri kivuko. Mtoto uliyemwona Jumatatu unaweza usimwone tena mpaka wiki ya pili. Mwingine ana maandazi ya kuuza asubuhi, mwingine ana mdogo wake wa kulea. Mwalimu akipanga masomo yake yategemeane, la leo lisieleweke bila la jana, basi atakuwa anawafundisha watoto ambao hawapo. Kwa hiyo yeye kila somo analifanya lijitosheleze. Mtoto akija siku moja tu katika msimu mzima akaondoka na kitu kimoja, hicho kimoja lazima kiweze kufanya kazi bila kungoja vingine.

Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengali miaka ya 1920, alikutana na tatizo hilohilo. Watoto wengi wa kule waliacha shule mapema, ilhali vitabu vya Kiingereza walivyopewa vilipangwa kana kwamba wote watafika mwisho. Aliyeacha mwaka wa pili aliondoka mikono mitupu. West akashikilia kwamba somo lipimwe kwa faida anayobaki nayo yule anayeishia njiani. Kutokana na wazo hilo akaandika vitabu vya kusoma vyenye maneno machache yanayorudi na kurudi, na mwaka 1953 ikatoka orodha yake ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, orodha ambayo waandishi wa vitabu vya shule wa nchi nyingi waliitegemea kwa miongo. Mwalimu wa Kibaoni hajawahi kunitajia jina la West. Amefika palepale kwa njia ya mpunga.

Nieleze somo moja kama nilivyoliona.

Ubao ameugawa katikati kwa mstari wa chaki. Kushoto ameandika: Mama anauza samaki kila siku. Kulia: Mother sells fish every day. Hakusema lolote kuhusu nafsi ya tatu umoja wala wakati uliopo. Aliuliza tu, “Wanangu, kwenye anauza, nani ananiambia kwamba muuzaji ni mmoja?” Kimya. Akafuta ile a, akaandika wa. Wanauza. Mikono ikapanda. “Ni a, mwalimu.” Akairudisha, akaipigia mstari, kisha akahamia kulia. “Na huku, a yetu iko wapi?”

Wakaitafuta mwanzoni mwa neno. Kiswahili kimewazoesha hivyo: habari ya mtendaji inatangulia, tendo linafuata. Hawakuiona. Binti mmoja wa pembeni mwa benchi akasema kwa sauti ndogo, “Iko nyuma.” Mwalimu akachora mshale mrefu kutoka kwenye a ya kushoto, ukapita juu ya mstari wa katikati, ukatua kwenye s ya sells. Hakuongeza neno. Akampa yule binti chaki aandike sentensi ya pili.

Sentensi zilizofuata, zilizosemwa na watoto na kuandikwa na watoto, zilikuwa hizi: Father buys maize every day. Grandmother drinks tea every day. Asha cooks rice every day. Juma sells milk every day. Ukizisoma harakaharaka ni sentensi za kawaida mno. Zitazame tena. Hakuna wash humo, hakuna catch, hakuna go, hakuna carry, ingawa vyote ni vitenzi vya nyumbani ambavyo mtoto angevitaka. Kila kimoja kati ya hivyo kingedai es badala ya s, au kingetaka y igeuke i, na somo lingekuwa na vichwa viwili. Tazama na majina: maize, tea, rice, milk, fish. Hakuna hata moja linalohitaji a wala the mbele yake, na hakuna hata moja lenye s ya wingi ya kugombana na s ya kitenzi. Hata every day ina kazi yake. Kwa Kiswahili anauza ni “huuza siku zote” na pia ni “yuko sokoni sasa hivi anauza”. Bila kila siku, mtoto mwerevu angeuliza kwa nini isiwe is selling, na angekuwa na haki.

Mitego yote hiyo ameiondoa njiani kabla watoto hawajaketi, na wao hawatajua kamwe kwamba ilikuwepo. Wanachokiona ni kwamba leo Kiingereza kimekubali. Mambo ya es yana siku yake. Mambo ya a na the yana siku nyingi zake, na kwa hayo anatumia habari za mvuvi: kuna mtu, hatumjui, ana mtumbwi, hatuujui, anaitwa a man, na mtumbwi wake unaitwa a canoe. Sentensi ya pili tumeshawafahamu wote wawili, wanageuka the man na the canoe. Anaendelea na kambale, na nyavu, na mvua, mpaka mtoto ajisikie mwenyewe lini mgeni amekuwa mwenyeji. Kwa watu ambao lugha yao haina kitu cha namna hiyo, sijaona njia iliyo safi zaidi.

Katika somo lile la s kijana mmoja aliandika: My father he buys rice. Kila mwalimu wa Kiingereza Afrika Mashariki analijua kosa hili, na wengi hulipitishia kalamu nyekundu wakasonga mbele. Yeye aliketi nalo. “Baba, umefikiri vizuri,” alimwambia. “Kwa Kiswahili huwezi kusema baba yangu nunua. Lazima a iwepo. Wewe umeitafutia a yako mahali, ukapata he. Lakini hiyo a umeshailipia huku nyuma, kwenye s. Ukiweka na he umelipa nauli mara mbili.” Kijana akacheka, akafuta mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona kilele cha ufundi huu. Kulijua kosa ni jambo moja. Kujua limetoka wapi ni jambo jingine, na hilo la pili halipatikani bila kukijua Kiswahili kwa undani. Mtoto yule hakukosea kwa uvivu. Alikuwa anatii upatanisho wa kisarufi, kanuni ambayo ameishika tangu anaanza kusema, na ambayo katika Kiswahili haisameheki. Anayemwambia kwamba amekosea, akaishia hapo, anamfundisha kuitilia shaka akili yake. Anayemwonyesha kwamba kanuni yake ni halali nyumbani na kwamba jirani ana utaratibu mwingine, anamwacha na lugha mbili. Wapo wanaoamini mwalimu bora wa Kiingereza ni yule ambaye Kiswahili hakitoki mdomoni mwake. Zipo shule ambazo mlangoni pa ofisi pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba asiyesema Kiingereza hahudumiwi. Mimi nasema hapana. Mtu aliyetoka London jana, hata awe na shahada tatu, asingeuona ule mshale kutoka a kwenda s. Ungeonekana vipi kwa mtu asiyeijua a?

Upande wa msamiati ana kaunta buku. Ni nene, limefungwa kwa gundi ya kitambaa mgongoni, na kila ukurasa ameupigia mistari. Neno liko kushoto. Kulia kwake kuna tarehe alizolitumia darasani. Neno likiingia leo, linarudi kesho, linarudi baada ya siku chache, kisha baada ya wiki. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunachojifunza kinatutoka kwa kasi zaidi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa muda yanashinda marudio ya mfululizo. Kaunta buku lile ni ushahidi wa jambo hilo, kwa kalamu ya bluu. Kisha kuna alama nyingine, ya kalamu nyekundu: duara. Neno linazungushiwa duara siku mtoto anapolitamka bila kuulizwa, kwa haja yake mwenyewe. Siku moja mtoto alimwambia mwenzake Move kwa sababu alikuwa amemkalia daftari. Mwalimu akaacha alichokuwa anakifanya, akaenda kwenye kaunta buku, akazungusha.

Na maneno yenyewe anayachagua kwa mpangilio ambao ulinishangaza mwanzoni. Nilidhani angeanza na vitu: kiti, meza, kitabu. Anaanza na amri. Draw. Label. Copy. Underline. List. Mention. Explain. Baadaye, kwa watakaoendelea, Differentiate na Give reasons. Haya ndiyo maneno ya karatasi ya mtihani. Mtoto anaweza kuwa anazijua sehemu zote za ua, lakini kama hajui kama ameambiwa azichore au azitaje, atapata sifuri, na sifuri ile itaandikwa kwenye somo la baiolojia wakati kilichokosekana kilikuwa neno moja la Kiingereza. Anawafundisha amri hizo kwa kuzitii. Hakuna tafsiri inayoandikwa. Anang'oa gugu pembeni mwa baraza, lina mizizi na udongo wake, analining'iniza mbele yao: Draw. Kisha Label, na hapo ndipo root, stem na leaf zinapoingia, kila moja ikiwa na mahali pake pa kukaa kwenye mchoro ambao mtoto ameuchora mwenyewe. Baada ya hapo anawauliza kwa Kiswahili jani linafanya kazi gani, na wanamwaga yote waliyojifunza darasani miaka iliyopita. Anawaacha wamwage. Anataka wajue kwamba wanaingia sekondari na mali.

Matamshi hayapi somo lake peke yake, ila jambo moja hulirudia kila akipata nafasi. Wako watoto ambao lugha ya nyumbani haitenganishi r na l, na kwenye bonde la mpunga neno rice haliepukiki. Ukiligeuza, umesema Asha anapika chawa. Watoto wanacheka sana, naye anawaacha wacheke, kisha anawaonyesha kwa mdomo wake mwenyewe: kwa l ulimi unagusa nyuma ya meno, kwa r ya Kiingereza ulimi haugusi popote. Hata r ya Kiswahili, anawaambia, inagusa kidogo, kwa hiyo hakuna aliyezaliwa nayo hapa, tuanze wote sawa. Mtoto wa Kisukuma aliyekuwa ameficha mdomo kwa kiganja akaushusha.

Masomo mafupi ya lugha hayakuanza na baraza la Kibaoni. BBC ilianza masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943, ya dakika chache chache, na kwa miaka mingi watu wa Afrika Mashariki walikaa na redio ya mkulima wakirudia sentensi peke yao sebuleni. Siku hizi masomo hayo yako kwenye simu, sauti za dakika mbili zinazotumwa kwenye makundi, na baadhi ni mazuri kweli. Ila redio haioni macho ya anayesikiliza, na simu haijui kwamba kosa lako limetoka kwenye a.

Jioni baraza linabadilika. Wanakuja watu wazima: dereva wa bodaboda, dada wa duka la dawa, mhudumu wa hospitali, kijana anayetaka kuongoza watalii Mang'ula, kwenye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Ifakara ni mji wa mashambani, lakini Kiingereza kimekaa hapa kwa namna ya pekee. Miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha hapa maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ambayo kwa kupita miaka imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Wale Waswisi wa Basel nao Kiingereza hawakuzaliwa nacho. Lugha yao ni Kijerumani. Kwa hiyo Kiingereza cha Ifakara, tangu zamani, kimekuwa lugha ya kukutania ambayo hakuna aliyenyonya nayo, na sioni kwa nini mtu wa hapa akiogope kana kwamba ni mali ya mwingine. Miaka ya mwanzo ya 1990 watoto wa Idete, ndani ya bonde hili, walishiriki kwenye majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Matokeo yalichapishwa 1994 katika jarida la kitabibu la London, kwa Kiingereza. Sayansi ya dunia imeandikwa kwa damu ya vidole vya watoto wa Kilombero, na ningependa watu wengi zaidi wa Kilombero waweze kuisoma.

Kwa watu wazima mwalimu ana masomo mengine, mafupi vilevile. Moja linahusu ndiyo na hapana. Mswahili akiulizwa “Hujala?” na kweli hajala, hujibu “Ndiyo,” maana yake: ndiyo, ni kama ulivyosema. Kwa Kiingereza Haven't you eaten? ukijibu Yes, umesema umekula. Mhudumu wa hospitali alipolielewa hilo alishika kichwa. Mgonjwa anayesubiri upasuaji, daktari mgeni, na neno moja lenye maana mbili zinazopingana! Wengine wangefundisha kanuni ya kugeuza ndiyo kuwa hapana na kuwaacha watu wakibabaika. Yeye anawapa njia iliyo salama: achana na yes na no, jibu kwa sentensi nzima. I have not eaten. Wakairudia kwa njaa, kwa dawa, kwa usingizi: I have not slept, I have not taken the medicine. Robo saa ikaisha, na kila mmoja akaondoka na kitu ambacho kesho kingeweza kumfaa kazini.

Kijana wa Mang'ula yeye alitaka wanyama. Alijua sheshe tangu utotoni. Kamusi ikampa puku. Alijua maporomoko ya Sanje yanaanguka kama mita 170, na alijua kima wa Sanje, yule ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka 1979. Mwalimu alimkataza kukariri hotuba. Alimpa maswali manne ambayo kila mgeni huuliza njiani, ni mbali kiasi gani, ni cha aina gani, kinakula nini, kipo wapi sasa, akamwambia ayajibu kuhusu kila anachokiona akiwa anatembea kwenda nyumbani, hata kama ni mbuzi.

Najua wapo watakaosoma haya na kusema kwamba mzigo huu haukupaswa kuwepo kabisa. Nakubaliana nao kuliko wanavyodhani. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta sehemu kubwa ya walioko sekondari hawana lugha ya kutosha kusomea masomo mengine. Imepita zaidi ya miaka 40, na mtoto wa miaka kumi na mitatu bado anapewa miezi mitatu ya tuisheni kuziba pengo ambalo nchi nzima haijaliziba. Mjadala huo uendelee, na ningefurahi uishe kwa heri ya mtoto. Lakini Januari haisubiri mjadala. Wakati wakubwa wanajadili, yupo mtu barazani anayeondoa es njiani ili mtoto apite, na kazi hiyo inastahili heshima leo, kabla sera haijabadilika na hata ikibadilika.

Mwishoni mwa msimu, watakaokuwepo wanasoma ukurasa mmoja wa Hawa the Bus Driver, kile kitabu kidogo cha Richard Mabala ambacho vizazi vya kidato cha kwanza na cha pili vimekisoma nchini. Mabala mwenyewe ni mwalimu aliyetoka Uingereza, akabaki Tanzania, akawa raia. Mwalimu hawaulizi watoto maana ya kila neno. Anawaambia wapigie mstari wanayoyajua. Ukurasa ukijaa mistari, mtoto anauinua juu auone mwanga wa nje ukipita kwenye karatasi, na ndugu zake wakija kumchukua anawaonyesha mistari, habari ya basi anaiacha kwa baadaye.

Mzazi mwenzangu wa Ifakara, wa Mang'ula, wa Mlimba au wa Lupiro, kama mwanao anafanya mtihani Septemba hii, usichague tuisheni kwa unene wa daftari wala kwa ufasaha wa anayefundisha. Omba ruhusa ukae nyuma kwa kipindi kimoja. Sikiliza ni nani anayesema zaidi, mwalimu au watoto. Mtoto akikosea, tazama mwalimu anafanya nini na lile kosa. Kisha njiani kurudi nyumbani mwambie mwanao akuambie kitu kimoja alichojifunza, na akikuambia, mpe nafasi akufundishe na wewe.